Utasa wa 127

Ndugu malenga, ubeti wa tarbia tuliyoizoea una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16. Ubeti mmoja basi ni mizani 64. Atakayetunga beti 127 atakuwa amepanga mizani 8,128, namba iliyoheshimiwa tangu enzi za Wagiriki wa kale.

Vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, ni 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 127, 254, 508, 1,016, 2,032 na 4,064. Vijumlishe, utarudi palepale: 8,128. Namba za sifa hii ni adimu. Zinaanza 6, 28, 496, kisha hii yetu; inayofuata ni 33,550,336. Mimi huziita namba timilifu, kwa kuwa jina la namba kamili limekwisha kutwaliwa shuleni kwa maana nyingine.

Nicomachus wa Gerasa, aliyeandika yapata mwaka 100, alitaja makundi matatu. Vigawo vya 12 hujumlika kuwa 16, hivyo 12 ni zidifu. Vya 8 hufika 7 tu, hivyo 8 ni pungufu. Kati yao zimo timilifu. Hakuishia hapo: zidifu alizifananisha na viumbe wenye viungo vya ziada, na pungufu na viumbe waliokosa viungo. Kumbe kuwakagua viumbe kwa hesabu ni mazoea ya kale.

Nasema hivyo kwa sababu namba isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe, katika Kiswahili, huitwa namba tasa. Neno hilo nimeitwa mimi, harusini, mbele ya watu, na mtu ambaye sitamtaja. Mimi na mume wangu tuna miaka 14 ya ndoa, na hatuna mtoto. Tangu siku ile, hata kitabu cha hesabu kilinichoma.

Aliyenituliza ni Euclid. Katika kitabu cha tisa cha Elements alithibitisha hivi: anza na moja, endelea kwa maradufu, kisha jumlisha. Jumla ikiwa tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyojumlisha, nawe utapata namba timilifu. Kuanzia 1 hadi 64 jumla ni 127, nayo ni tasa. Mara 64, ni 8,128. Ukiishia kwenye 8, jumla ni 15, yenye vigawo 3 na 5; mara 8, ni 120, ambayo vigawo vyake hufika 240. Utimilifu umepotea. Karne ya 18, Leonhard Euler akathibitisha kwamba kila timilifu iliyo shufwa hujengwa kwa njia hiyo ya Euclid. Bila tasa, haipatikani hata moja.

Siombi istilahi ibadilishwe. Namba tasa na ibaki na jina lake, nami nimeanza kulitamka bila kuinamisha kichwa. Nimeanza pia tarbia ya beti 127, kwa vina vya -sa na -fu. Leo nimefika ubeti wa 41. Mwenye akiba ya vina na anikopeshe.