Hewa ni moja, zamu ni ya wote

Ndugu zangu, leo siasa naiweka pembeni kidogo. Nataka tuongee habari ya waifai. Najua wapo watakaosema, "Huyu naye, waifai ndiyo ya kuandikia?" Subirini. Katika mambo niliyojifunza bila kukaa darasani, hili limeniingia kuliko mengi, na mkisoma mpaka mwisho mtaona si habari ya mashine tu. Ni habari ya ugali wa watu.

Kwenye gazeti ninapofanyia kazi (jina naliacha, kibarua bado nakihitaji) chumba cha habari ni ukumbi mmoja mrefu. Mbele, karibu na mlango, wanakaa wahariri. Katikati tunakaa sisi tulioajiriwa. Nyuma kabisa, baada ya makabati ya chuma yenye magazeti ya zamani, kuna meza ndefu ya waandishi wa kujitegemea. Hawa hawana mshahara, wanalipwa kwa habari iliyochapwa. Habari isiyomfikia mhariri kabla ya kurasa kufungwa haichapwi, na isiyochapwa hailipwi. Sasa kisanduku cha waifai kilifungwa wapi? Juu ya mlango wa mhariri mkuu.

Jioni ikifika meza ya nyuma ilikuwa kama kituo cha daladala mvua ikinyesha. Watu wamesimama, laptopu mikononi, wanatafuta kona ambayo netiweki inashika. Wakilalamika wanaambiwa wanunue bando. Yaani mtu ambaye hana uhakika kama habari yake itatoka anaambiwa atoe nauli yake ya kurudi nyumbani aitumie kurusha hiyo habari.

Malalamiko yalianza kusikika pale mbele nako kulipoanza kuwa kuzito. Uongozi ukanunua kisanduku kikubwa zaidi, chenye antena nyingi kama miguu ya kaa, kikafungwa palepale juu ya mlango, nguvu ikapandishwa hadi mwisho. Simu za watu wa nyuma zikaanza kuonyesha mistari yote ya netiweki, lakini habari hazikwenda. Hapo ndipo akaitwa dada mmoja fundi wa mitandao.

Huyu dada alinishangaza kwa sababu hakuja na kifaa chochote cha kufunga. Aliomba ramani ya ghorofa. Halafu akaanza kutembea. Anasimama, anatazama laptopu yake, anaandika namba kwenye ramani, anasogea hatua kadhaa, anaandika tena. Nikamfuata nyuma kama kawaida yetu watu wa habari, namuuliza maswali. Alikuja mara ya kwanza Jumapili ofisi ikiwa tupu, akarudi Jumatatu saa kumi na moja jioni ukumbi ukiwa umefurika.

"Kwa nini mara mbili, dada?"

"Mdogo wangu, binadamu ni maji. Mawimbi haya yanamezwa na maji. Ukipima ofisi tupu, umepima ofisi ambayo haipo."

Namba alizokuwa akiandika zote zilikuwa na alama ya kutoa mbele yake. Hasi 50 ni mawimbi yenye nguvu sana. Hasi 67 bado inatosha kwa kazi nyingi, hata kupiga simu kupitia mtandao. Ukifika hasi 80 unabahatisha. Msidhani tofauti ya 50 na 80 ni ndogo: kila ukishuka 3, nguvu inapungua nusu, kwa hiyo kutoka hasi 50 hadi hasi 80 nguvu imepungua mara 1,000. Kwenye ramani, mezani kwa mhariri mkuu paliandikwa hasi 41. Nyuma ya makabati ya chuma paliandikwa hasi 83. Hiyo ni baada ya kununua kisanduku kikubwa.

Na ile mistari kwenye simu je? Akanieleza kwamba mistari ile inaonyesha jinsi simu inavyokisikia kisanduku. Haionyeshi jinsi kisanduku kinavyoisikia simu. Kisanduku kina nguvu ya kupiga kelele, lakini simu, kwa sababu ya betri yake ndogo, inanong'ona. Ukipandisha nguvu ya kisanduku ni sawa na kumpa mwenyekiti wa mkutano kipaza sauti. Watu wa nyuma watamsikia vizuri, lakini wakiuliza swali yeye hatasikia chochote. Na mwandishi anayetuma habari ndiye anayeuliza swali.

Hapo nikaanza kusoma mwenyewe usiku. Chimbuko la mambo haya liko visiwani, Hawaii. Mwaka 1971 Profesa Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio, mtandao wakauita ALOHAnet. Mashine zote zilitumia masafa yaleyale kutuma. Mbili zikisema kwa pamoja, maneno yanagongana, kila moja inasubiri muda wa kubahatisha kisha inarudia. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikaruhusu masafa fulani kutumika bila leseni kwa mawasiliano ya aina hii, yakiwemo ya gigahezi 2.4 ambayo tayari yalitumika kwenye majiko ya maikrowevu. Mwaka 1997 kikatoka kiwango cha kwanza cha waifai, 802.11, chenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 ikapanda hadi 11.

Mwaka huohuo wa 1999, jijini New York, Steve Jobs alipitisha laptopu ya Apple ndani ya duara la plastiki mbele ya watu, kuonyesha kwamba iko kwenye intaneti na hakuna waya. Watu wakashangilia. Mimi nadhani tangu siku ile tumebaki tunaamini waifai ni mazingaombwe: weka kisanduku, ondoka. Kumbe waifai ni baraza. Hewa ni moja, watu ni wengi, na adabu yake ni ya barazani: sikiliza kwanza, akiwa yupo anayesema nyamaza, akimaliza subiri kidogo kisha sema wewe.

Adabu hii ina mitego miwili, na yote ilikuwa ofisini kwetu.

Wa kwanza ni watu wasiosikiana. Makabati ya chuma yalizuia laptopu za nyuma zisisikie laptopu za mbele. Kila upande ukadhani baraza limetulia, ukasema. Sauti zikagongania kwenye kisanduku, na wote wakalazimika kurudia.

Wa pili ndio ulionikalia kichwani. Kifaa kilicho mbali kinashindwa kusema haraka, kwa hiyo kinapunguza kasi ili kisikike, kama mtu anayetaja neno silabi kwa silabi. Pakiti moja ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Kwa kasi ya megabiti 54 inapita hewani chini ya robo ya milisekunde. Kwa kasi ya megabiti 1 inachukua milisekunde 12. Ni pakiti ileile, zamu ni moja, muda ni mara 54. Na wakati wote huo wengine wamenyamaza wanasubiri. Mwaka 2003 Martin Heusse na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha jambo hili waziwazi: katika mtandao wa megabiti 11, kifaa kimoja kikishuka hadi megabiti 1, vingine vyote vinaburutwa chini pamoja nacho, hata vile vilivyokaa chini ya antena. Vifaa vingi vya sasa vimeongezewa namna ya kugawa muda badala ya kugawa zamu tu, lakini anayetuma kutoka mbali bado anakula hewa ya wenzake.

Mmeelewa, ndugu zangu? Yule mhariri mkuu aliyekuwa na hasi 41 mezani kwake alikuwa anasubiri kwa sababu ya watu waliowekwa nyuma ya makabati. Waliokaa kona hawakuwa wavivu wala hawakuwa wanapakua sinema kama ilivyosemwa kwenye kikao. Walikuwa wanasema polepole kwa sababu waliwekwa mbali.

Dawa yake haikuwa ya ajabu. Makabati yakasogezwa ukutani. Visanduku vidogo vitatu vikafungwa darini, kimoja juu kabisa ya ile meza ya nyuma. Kwenye masafa ya 2.4 vikapewa chaneli 1, 6 na 11, kwa sababu chaneli zinazofuatana zinapandiana na hizo tatu hazigusani. Laptopu mpya zikaelekezwa kwenye masafa ya gigahezi 5, yenye chaneli nyingi zaidi ingawa kuta zinayachosha upesi. Kasi za chini kabisa zikafungwa, ili kifaa kisiendelee kung'ang'ania kisanduku cha mbali wakati cha jirani kipo. Wageni wakatengewa mtandao wao, maana si busara mtu aliyekuja kuleta tangazo awe ndani ya mtandao mmoja na mafaili ya habari za uchunguzi. Na, cha kuchekesha, tukavuta waya. Kila kisanduku kina kebo yake hadi kwenye swichi, kebo ileile inabeba na umeme, na haitakiwi kuzidi mita 100. Mtandao usio na waya umejaa waya darini, sema hamuuoni.

Mwisho dada akapunguza nguvu ya visanduku vyote. Mhariri mkuu akauliza kwa nini amemnunulia mtambo halafu anaupunguza.

"Mzee, kipaza sauti hakimsaidii anayenong'ona," akamjibu kwa heshima zote. "Tumewasogelea wanaonong'ona."

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu sasa ni shwari. Wenzetu wa meza ya nyuma bado hawana mikataba, na hakuna antena ya kutibu hilo. Lakini sasa habari ikikataliwa, inakataliwa kwa sababu mhariri ameisoma akaikataa. Zamani ilikuwa inafia hewani, na mwenyewe anarudi nyumbani mikono mitupu bila hata kuambiwa kosa lake.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Siku fundi wa mtandao akija ofisini kwenu, au shuleni, au hospitalini, msimpeleke kwanza kwa bosi. Mpelekeni kwa yule anayekaa mbali kuliko wote, apime pale, tena mchana watu wakiwa wamejaa. Pale pakiwa sawa, kwa bosi patakuwa sawa penyewe. Na mkishamaliza waifai, angalieni na mambo mengine ya hapo kazini kwenu yanayopangwa kuanzia mlangoni kwa bosi.

Au nyie mnasemaje?