Punje za Goha

Katika kufasiri kurasa chache za mwongozo wa programu ya kompyuta iigayo mwendo wa mchanga na mawe, nilisita penye neno moja: chembe au punje? Nikachagua punje, maana punje huhesabika. Njia hiyo, waliyoieleza Cundall na Strack mwaka 1979, haiutazami mlima kama kitu kimoja. Kwanza huumba punje: huzitawanya ovyo hewani, moja isiingie ndani ya nyingine, kisha huziachia zianguke kwa uzito wao hadi zitulie. Ndipo hesabu ya maporomoko huanza. Kila punje ina namba yake, kipenyo chake na mahali pake; haipotei hata ikifukiwa chini ya maelfu.

Hapo nikaikumbuka Goha, huko Mamba Miamba, wilayani Same. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Milima ya Upare uliporomoka ukafukia nyumba. Wakafa watu zaidi ya 20. Kokoto la kwenye kompyuta (na hili lanikera) lina namba lisiyoshirikiana na jingine. Wale wa Goha, sisi wa visiwani tuliwasikia redioni kwa jumla yao tu. Majina hayakusomwa.