Binti Yangu na Kitabu cha Hesabu

Wengi wetu tukiulizwa watoto wetu wa Kidato cha Tano na cha Sita wanasoma nini, tunajibu kwa herufi tatu: PCB, HGL, EGM. Hayo ndiyo masomo matatu ya mchepuo, na pointi zake ndizo zinazopanga daraja la mwanafunzi matokeo yanapotoka. Lakini pembeni yake yapo masomo ambayo sisi wazazi hatuyasikii. Mojawapo ni BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, wanayosoma watoto wa sayansi wasiochukua hisabati ya juu. Kwa kuwa haiongezi pointi, wanafunzi huiweka kando mpaka Mei imebisha hodi, na shule nyingine hazina haraka ya kuitafutia mwalimu. Kumbe zipo kozi za chuo kikuu ambazo mwombaji asiyesoma hisabati ya juu hudaiwa kuwa amefaulu BAM, au awe na ufaulu wa hisabati ya Kidato cha Nne. Somo lisilo na pointi linaweza kumfungia mtoto mlango.

Binti yangu wa pili alisoma PCB, na hisabati ya Kidato cha Nne alikuwa ameanguka. Kwake BAM ndiyo ilikuwa njia iliyobaki. Alipokuja likizo hapa Puge, Desemba 2018, alikuwa na miezi mitano tu kabla ya mtihani wa Baraza. Mwalimu wao wa BAM alikuwa amehamishwa wakiwa Kidato cha Tano, na sura ya takwimu ilibaki nusu. Alikuwa na daftari lenye kanuni zilizonakiliwa ubaoni, kikokotoo, na furushi la mitihani ya miaka iliyopita. Kanuni alizijua kwa moyo. Ukimuuliza maana yake, anakutazama tu.

Wanaoijua barabara ya Nzega kwenda Tabora wanajua Puge ya Desemba ikoje. Mvua imeanza, majaruba yanataka kulimwa, na msichana mwenye nguvu zake anahesabika kama jembe. Baba yake alisema, “Mama, majaruba hayasubiri mtihani.” Nikamjibu, “Na mtihani nao, Baba, hausubiri majaruba.” Hatukugombana, lakini jambo lile lilikaa nyumbani siku tatu kama mgeni asiyeaga. Mwisho tukauza gunia la mpunga tulilokuwa tumelihifadhi tusubiri bei ipande, tukaweka kibarua mahali pake kuanzia saa nne asubuhi. Alfajiri mpaka saa nne alikwenda shambani pamoja nasi. Majirani walisema msichana mkubwa anashinda kivulini na kalamu. Walisema kweli, alishinda kivulini na kalamu.

Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza cha kwenye mtihani ule sikijui. Basi nikamwambia, “Nifundishe mimi. Kwa Kiswahili.” Alicheka, lakini alianza. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana neno lililokuwa limelala kwenye daftari kwa Kiingereza lilimtaka alieleze kwa mtu anayepeta mchele. Wastani niliuelewa upesi: unajumlisha vyote, unagawa sawa. Namba ya katikati nayo: unawapanga kuanzia mdogo mpaka mkubwa, unamshika aliye katikati. “Sasa kwa nini muwe na vipimo viwili vya kitu kimoja?” nikamuuliza. Akakosa jibu.

Jioni ile zamu ya kusoma Neno ilikuwa yangu. Nikafungua Hesabu sura ya kwanza, sura ambayo wengi wetu tunairuka kwa sababu ni majina na idadi. Nilipofika katikati binti akaomba nisimame, akachukua kalamu. Makabila kumi na mawili, kila moja na idadi yake: Reubeni 46,500, Simeoni 59,300, Gadi 45,650, Yuda 74,600, Isakari 54,400, Zabuloni 57,400, Efraimu 40,500, Manase 32,200, Benyamini 35,400, Dani 62,700, Asheri 41,500, Naftali 53,400. Jumla 603,550, na hata Biblia yenyewe inaitaja. Mwanafunzi gani amewahi kupewa swali lenye majibu ya kujisahihisha namna hiyo?

Alinionyesha ujanja wa kukadiria wastani. Badala ya kuhangaika na namba kubwa, unasema wastani ni kama 50,000, kisha unaandika kila kabila limezidi au limepungukiwa kiasi gani. Reubeni amepungukiwa 3,500. Manase 17,800. Yuda amezidi 24,600. Ukijumlisha zote, waliozidi na waliopungukiwa wanafutana, inabaki ziada ya 3,550. Gawa kwa 12, unapata karibu 296. Basi wastani ni 50,296. Namba ya katikati ikawa 49,950, kwa sababu makabila ni shufwa na inabidi uchukue wawili wa katikati, 46,500 na 53,400, uwagawe sawa.

Na jibu la swali langu likatoka hapo. Yuda ni mkubwa mno, anauvuta wastani juu. Ukimwondoa, wastani wa kumi na moja waliobaki unashuka mpaka 48,086. Namba ya katikati yenyewe haimwogopi tajiri. Hata ukimfanya Yuda kuwa laki mbili, yeye bado ni wa mwisho tu kwenye mstari. Tuseme kijiji kina mwenye duka mmoja mwenye mali na wakulima mia moja: wastani wa mapato utawafanya wakulima waonekane wana nafuu wasiyokuwa nayo.

Kilichomsumbua zaidi ni kipimo cha mtawanyiko, kile chenye alama ya kipeuo. Nacho tulikitafuta humo humo. Kila kabila unachukua umbali wake kutoka kwenye wastani, unaupiga mraba ili alama za kutoa zipotee, unajumlisha, unagawa kwa 12, halafu unatafuta kipeuo cha pili. Ikatoka karibu 11,766. Maana yake, makabila kwa kawaida yanatofautiana na wastani kwa kiasi kama hicho. Manase na Yuda wako mbali zaidi, Naftali yu jirani. Binti aliinua uso akasema, “Kumbe ni umbali tu, mama.” Tangu siku hiyo sikumsikia tena akiimba kanuni ile kama shairi.

Siku zilizofuata alichukua daftari langu la vitumbua. Nauza pale mabasi yanaposimama, na kila jioni naandika nilichopata. Mauzo ya siku arobaini aliyapanga katika makundi, akachora jedwali, akatafuta katikati ya kila kundi, akachora ule mchoro wa kulimbikiza unaopanda taratibu, ukasimama wima, kisha ukalala tena juu. Nilimsumbua kwa kitu kimoja: kichwa cha mchoro na kipimo cha mistari. Alikuwa anavisahau, na mitihani ya nyuma ilionyesha wazi kwamba hivyo vina alama zake. Nadhani babu zetu wapagazi wa Unyamwezi, waliobeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na Bagamoyo, wasingemvumilia mtu asiyeandika kipimo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, na ukikosea kupima, mabega ya mtu ndiyo yanayolipa.

Kadi ya kliniki ya mdogo wake aliiona ukutani akaishusha. Wengi wetu tumebeba kadi zile miaka mingi tukitazama tu kama kidoto kimepanda. Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vyake vya ukuaji mwaka 2006, baada ya kupima watoto wa nchi sita, Ghana na Oman zikiwamo, walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Uzito wa mtoto ukishuka chini ya katikati kwa zaidi ya mitawanyiko miwili, huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Ni hesabu ile ile ya Manase na Yuda.

Mei 2019 alifanya mtihani. Julai matokeo yakatoka: daraja la pili, na kwenye mstari wa BAM palikuwa na C. Baba yake alisoma karatasi ile mara mbili, kisha akaniuliza gunia la mpunga lile tuliliuza shilingi ngapi. Nikamwambia. Akasema, “Si mbaya,” akatoka kwenda kufunga ng'ombe.

Sensa ya watu na makazi ilipofanyika Agosti 2022, binti alikuwa nyumbani, akaomba ukarani akapata. Katika Hesabu sura ya kwanza waliohesabiwa ni wanaume wa miaka ishirini na zaidi wanaoweza kwenda vitani. Walawi waliachwa, na sisi wanawake hatumo kabisa. Safari hii alihesabiwa kila aliyelala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23, hata mtoto wa siku moja. Tulitoka 61,741,120, wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130.

Alipofika kwetu alikuwa na kizibao chake na kishikwambi, akabisha hodi kama mgeni na akakataa uji mpaka amalize. “Mkuu wa kaya ni nani?” akauliza. Baba yake akajikohoza, akajitaja. Yalipofika maswali ya shughuli za kiuchumi, yeye akanigeukia: “Mama, lete lile daftari lako.”