Picha za Jamaa na Mfuko wa Askari

Katikati ya mwaka 2016 sajini mmoja wa jeshi la Uganda aliwaaga watu wa nyumbani kwake, katika laini za askari mjini Jinja, akaenda Mogadishu kutumika katika kikosi cha Umoja wa Afrika, ambacho askari wa Uganda walikuwa wamo tangu Machi 2007. Alimwacha mkewe na watoto watatu, kitinda mimba wao akiwa binti wa miezi miwili. Aliporejea mwaka uliofuata, binti huyo alikuwa amekwisha kuzikwa. Malaria ilimchukua akiwa na miezi tisa.

Sajini hakulia mbele za watu. Siku ya tatu, jirani walipokwisha kwenda zao, alimwambia mkewe: "Mama watoto, nionyeshe sura yake. Nilimwacha hajaota hata jino."

Mama yule hakuwa na cha kumwonyesha. Alikuwa amempiga mtoto picha karibu kila juma: akinyonya, akioga katika karai, akivuta nywele za kaka yake. Zote zilikuwa ndani ya simu yake ya mkononi, na simu hiyo iliporwa katika kituo cha mabasi mwezi mmoja baada ya mazishi. Simu ya sajini kule kazini ilikuwa ile ndogo ya tochi, isiyopokea picha. Kwa muda wa miaka mitatu mama huyo hakupata kusafisha picha hata moja dukani, kwa kuwa aliona ni kutupa fedha ambazo zingenunua sukari na sabuni. Hakuna anayeweza kumlaumu, maana mshahara wa askari wajulikana.

Ndipo akampigia simu wifi yake aliyeko Soroti, kwa haja tu ya kumtua mzigo mtu wa karibu. Wifi akamwuliza kwa mshangao: "Wifi yangu, mbona picha ninayo? Si ile uliyonitumia siku alipoanza kukaa mwenyewe?" Naye wifi alikuwa amekwisha kubadilisha simu, na picha ya ndani ya simu ilikwisha potea. Lakini kabla ya hapo alikuwa amelipia nakala moja ya sentimita 10 kwa 15, akaitia katika fremu ili bibi wa mtoto aitazame. Nakala hiyo moja, ya bei ya chini kabisa katika orodha ya duka, ndiyo iliyosalia duniani.

Tangu siku ile nyumba ya sajini ilibadili desturi yake. Haikuanza kutumia fedha nyingi, bali ilijifunza kuchagua. Zamani kamera ilikuwa na filamu ya picha 12, 24 au 36, nayo filamu ilikuwa ghali, hivyo mtu alifikiri kabla ya kubofya. Leo mtu hubofya mara mia kwa siku moja, na mwisho wa mwaka hajui aanzie wapi. Basi mume na mke waliafikiana kwamba kila Desemba wataketi pamoja na kuteua picha 36, yaani filamu moja ya kale, na hizo tu ndizo zitakazopelekwa dukani, zote kwa siku moja, kwa sababu maduka mengi hupunguza bei kwa mwenye kazi nyingi. Kubishana juu ya picha ipi iachwe huwachukua jioni nzima, na watoto husema kwamba hiyo ndiyo jioni bora ya mwaka. Kwa kipimo cha 10 kwa 15, picha yenye pikseli 1,200 kwa 1,800 yatosha kabisa, na simu za kawaida za leo hutoa zaidi ya hapo. Picha kubwa ya ukutani ni ya harusi na ya siku ya kuhitimu.

Akiba nyingine waliipata katika picha ndogo za shule na vitambulisho. Karatasi moja ya 10 kwa 15 huingiza picha nane za milimita 35 kwa 45, endapo mwenye duka ataombwa azipange. Katika jambo hili watu wa Uganda wana ubunifu wa siku nyingi. Mwaka 2013 mpiga picha wa Italia, Martina Bacigalupo, alichapisha kitabu cha masalio ya studio moja ya Gulu: picha za watu wazima kwa watoto, waliovaa vizuri na kukunja mikono magotini, lakini mahali pa uso pana tundu la mraba. Mashine ya studio ilitoa picha nne za kitambulisho kwa pamoja, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Basi walipigwa picha moja ya kawaida, uso ukakatwa ukaenda ofisini. Masalio yale yalibaki studio, na ni vigumu kuyatazama bila kujiuliza kama jamaa zao waliachiwa japo sura moja.

Kuhusu utunzaji, sajini alileta nidhamu ya stoo ya kikosi. Albamu zenye kurasa za gundi alizikataa, kwa kuwa gundi hugeuka manjano na kung'ang'ania picha. Picha hukaa katika bahasha za karatasi, kila mwaka bahasha yake, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni kwa ajili ya unyevu na mchwa. Nyuma ya kila picha huandikwa kwa penseli laini, wala si kwa kalamu ya wino ambayo alama zake hutokeza mbele. Bahasha zenye maandishi zina faida kubwa kuliko zinavyodhaniwa: mwaka 2015 Shirika la Utangazaji la Uganda lilikuta katika kabati lake negativu zipatazo 70,000, na maandishi ya bahasha ndiyo yaliyosaidia kuzitambua, hata baadhi yake zikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda mwaka 2019.

Katika hizo 36, kumi huenda Soroti. Nyingine hutumwa kwa WhatsApp kama hati, kwani zikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora.

Ile picha ya mtoto ililetwa Jinja kwa basi, imebanwa katikati ya makaratasi magumu ndani ya daftari. Sajini aliiweka karibu na dirisha, akaipiga tena kwa simu kutoka juu, bila taa, hadi ikatoka sawasawa. Ya asili ilirudishwa kwa bibi yake, kama ilivyo haki. Nyuma ya nakala sajini aliandika: jina, siku, mahali, "amekaa mwenyewe". Mkewe aliisoma, akachukua penseli, akaongeza chini yake: "Aliyepiga ni mama yake."