Upepo Upate pa Kutokea: Wosia kwa Wajukuu Wanaojenga

Wajukuu zangu wapendwa,

Nimeambiwa ukuta wenu kule Pongwe umefika usawa wa madirisha na fundi anangoja vipimo. Sitaraji kuiona siku mtakayohamia. Madaktari wamekwishasema yao, na nimeridhika na kadari ya Mungu. Maisha yangu yote nimepiga fremu na shata za madirisha hapa Tanga, na sina mali ya kuwagawia inayozidi ninachokijua. Someni kabla hamjamjibu fundi, maana tundu likishaachwa pabaya, kulihamisha ni kubomoa.

Pwani yetu ina misimu miwili ya upepo. Kaskazi hutujia kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, na hiyo ndiyo miezi ya joto linalomtoa mtu kitandani. Kusi hufuata, nayo hutoka kusini mashariki na kutupoza. Basi vyumba vya kulala vifungulieni upande wa kaskazi. Lakini hilo peke yake halitoshi, kwa sababu upepo usioona pa kutokea hauingii. Chumba cha dirisha moja, hata dirisha liwe kubwa namna gani, hewa yake husimama. Haya ndiyo ninayotaka myashike kuliko mengine yote: kila chumba kipate matundu mawili katika kuta mbili tofauti. Chumba chenye ukuta mmoja tu wa nje, acheni uwazi juu ya mlango, hewa itokee ukumbini. Tazameni nyumba za zamani za Ngamiani, zile za vyumba sita. Ukumbi unatoka mlango wa mbele moja kwa moja hadi uani, na mchana wa Februari watu hukaa humo kwa raha.

Siku hizi kila mtu anataka aluminiamu ya kuslaidi. Siikatai, haipati kutu wala hailiwi na mchwa, na chumvi ya bahari haiiwezi upesi kama inavyoviweza vyuma vyetu. Ila pigeni hesabu. Dirisha la futi 5 kwa 5 lina futi za mraba 25. La kuslaidi, ukilifungua lote, nusu moja inakaa nyuma ya nusu nyingine, kwa hiyo mmelipia 25 mnapata 12 na nusu. La bawaba hufunguka lote. Wekeni ya kuslaidi sebuleni mkipenda, lakini vyumbani nawasihi muweke ya bawaba. Mkiamua mbao, chukueni mtiki. Miti hiyo inapandwa hapa hapa mkoani kwetu, Longuza, Muheza. Hakikisheni mbao zimekauka, kwa kuwa mbao mbichi zitapinda na dirisha halitafunga. Bawaba na skrubu ziwe za shaba.

Jua nalo lina njia yake. Tanga tupo kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa juu sana mwaka mzima, na paa lililotokeza vizuri linatosha kukinga kuta za kaskazini na kusini. Ukuta wa magharibi hauna kinga hiyo. Jua la saa kumi huingia chini ya paa lolote na kuupasha ukuta moto, nao hukaa na joto lake hadi usiku. Upande huo wekeni choo, stoo na madirisha madogo. Vijana watawaambia kiyoyozi kitamaliza yote. Kitamaliza uniti za umeme za LUKU kwanza.

Wavu wa mbu usiwe jambo la baadaye. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya mbu wa malaria, na wanajulisha kwamba hupenda kuingia kwa ule uwazi wa kati ya ukuta na paa. Zibeni hapo kwa wavu, na pale juu ya mlango vilevile. Wavu hupunguza upepo, kwa hiyo ongezeni upana wa dirisha, na wavu wenyewe uwe kwenye fremu ya kufunguka ili muweze kuuosha vumbi.

Grili naijua haja yake, lakini nimewahi kuona nyumba iliyoungua huku watu wakivuta vyuma kutoka nje. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja ya bawaba yenye kufuli ndani, na ufunguo wake ujulikane na kila mtu, mpaka mtoto mdogo. Na msilale na jiko la mkaa chumbani hata kama madirisha yote yako wazi. Gesi yake haina harufu, na inaua.

Basi, kabla fundi hajaendelea, nendeni kiwanjani jioni mkasimame katika kila chumba, mhisi upepo unatokea wapi na jua linagonga wapi, kisha mweke alama kwa chaki. Msiogope kumwambia abomoe kozi mbili. Nami nawapa radhi zangu zote. Nilipowakosea nisameheni, na mkishahamia mniombee dua.

Babu yenu