Tunakula Nini Leo Usiku

Katika nyumba tuliyokulia Ngamiani, Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, swali la tutakula nini usiku halikuwa mzigo wa mtu mmoja. Mama alikuwa muuguzi, wiki hii zamu ya mchana, wiki ijayo ya usiku. Baba alikuwa bandarini, na meli ikiingia hakuna aliyejua atarudi saa ngapi. Kwa hiyo nikisikia watu wakisema kwamba wazazi wa siku hizi ndio wenye shughuli, nasita kukubali. Mama yangu alikuwa na shughuli kunizidi mimi. Alichokuwa nacho yeye, ambacho mimi sina, ni mikono ya watu nyumbani kabla jua halijazama.

Bibi alikalia kibao cha mbuzi tangu alasiri, akikuna nazi, huku shangazi akipepeta mchele kwenye ungo na kuokota mawe, maana mchele wa siku zile haukukosa mawe. Machicha yalikamuliwa kwenye kifumbu. Tui zito likawekwa kando, jepesi likatangulia jikoni. Sisi watoto tulitumwa huku na huku: mmoja akimbilie gengeni kuchukua nyanya na ndimu, mwingine awashe jiko uani na kulipepea mpaka mkaa ushike. Mama aliporudi, kazi iliyobaki ilikuwa kuunga tu. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya Redio Tanzania ilitukuta mkekani, tumezunguka sinia.

Na vyakula vilibadilika kweli, ingawa hakuna aliyekaa kupanga. Wavuvi wa dagaa hutoka na karabai usiku wa giza, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukipevuka taa hazina kazi, na siku hizo dagaa wabichi walipotea sokoni. Kusi ikivuma kwa nguvu, ngalawa nyingi hazikutoka Sahare, changu na tasi wakapanda bei, na sisi tukahamia kwenye kunde, mbaazi za nazi na kisamvu. Malori yalishuka kutoka Lushoto na kabichi, karoti na maharage. Muheza ilituletea machungwa na mashelisheli. Bibi alijua vyote hivyo kwa kutazama mbingu na kusikiliza habari za soko, na hakuwahi kuanza wiki akiwa hajui iendako.

Kisha kulikuwa na uhaba. Vita na Uganda vilikwisha mwaka 1979, na miaka iliyofuata sukari, mafuta, sabuni na mchele vilipatikana kwa foleni katika duka la ushirika, vikipatikana. Tulikula unga wa njano, ule watu waliouita yanga, na wengi hawakuupenda. Hapo ndipo nilipomwona bibi akifanya jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa ndio upishi wenyewe. Alikuwa na muhogo tu, lakini hatukula muhogo ule ule. Leo aliupika kwa nazi na pilipili mbichi ikielea juu. Kesho aliuchemsha mkavu, akauweka na samaki wa chukuchuku. Siku nyingine alisonga bada kwa unga wa makopa, akaliteremsha na mchuzi wa kunde. Ijumaa aliuchoma kwenye makaa, ukaliwa na ndimu na chumvi. Zao lilikuwa moja, na kila usiku tulikuwa na hamu ya kujua limekuwaje.

Nilipoolewa nikahamia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990, nilikuja na mapishi yote hayo kichwani. Tulipata nyumba Kimara, mimi kazi yangu mjini, mwenzangu shuleni akifundisha. Tuliondoka kabla ya watoto kuamka vizuri. Jioni, daladala ya kupanda Barabara ya Morogoro ilikuwa kazi ya pili: kusubiri, kusukumana, kisha kusimama kwenye foleni huku ukihesabu taa za magari mbele. Nyumbani tulikuwa na msichana aliyetusaidia, binti mwenye heshima na mikono myepesi, na kwa miaka kadhaa yeye ndiye alikuwa bibi na shangazi kwa pamoja. Alipopata nafasi ya kujifunza ushonaji tulimwombea heri na kumnunulia cherehani. Alistahili. Ila siku aliyoondoka, nyumba yetu ilibaki haina mtu hata mmoja ndani yake kati ya saa saba mchana na magharibi.

Kuanzia hapo swali likawa langu peke yangu, na lilinijia saa kumi jioni nikiwa bado kazini. Maharage hayajalowekwa. Nazi haijakunwa. Samaki wa soko la Feri wamekwisha tangu asubuhi, na waliobaki wanakaangwa na kuuzwa kwa bei ya mchana. Nikifika saa mbili usiku, jiko la mkaa linataka nusu saa kabla halijafaa kitu, na maharage makavu yanataka saa mbili au zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kusubiri saa mbili na nusu. Basi tulikula tambi, au chipsi mayai za bandani pale kituoni, au wali na maharage yaliyobaki jana, na kesho yake hivyo hivyo. Watoto hawakuwa na njaa, lakini mwanangu wa pili alifika miaka mitano hajui ladha ya bamia. Jambo hilo liliniuma. Sikutaka watoto wa mtu wa Tanga wakue hawajui mbaazi za nazi.

Watu walinishauri nitafute mapishi mapya. Magazeti yalijaa mapishi. Kwangu dawa haikuwa huko, kwa kuwa mapishi nilikuwa nayo tele. Nilichokosa ni saa.

Jibu lilitoka Ramadhani. Mwaka 2010 mfungo uliangukia Agosti na Septemba, na katikati ya wiki ya pili nilijikuta nimekaa na kikombe cha uji baada ya kufuturu, nikitazama yaliyo mezani. Kulikuwa na magimbi ya nazi, kunde, tambi za sukari, samaki wa kukaanga. Jana yake ilikuwa mihogo na maharage, juzi ndizi mbichi na nyama. Mwezi ule ambao mpishi amefunga, hana hata ruhusa ya kuonja kwa uhuru, na adhana ya magharibi haisubiri foleni ya Ubungo, ndio mwezi ambao meza yetu ilikuwa na vitu vingi na tofauti kuliko miezi yote. Na mikono ilikuwa ile ile. Ofisi ilikuwa ile ile. Kwa nini Ramadhani tuweze na Mfunguo Mosi tushindwe?

Nilifikiri usiku ule mpaka daku. Tofauti ilikuwa kwamba Ramadhani tuliamua mapema. Tangu Shaabani choroko, kunde, tambi na unga wa ngano vimenunuliwa na kuwekwa. Kabla ya kulala tunajua kesho ni nini, kwa hiyo kunde zinalowekwa usiku, magimbi yanamenywa baada ya daku, samaki anatiwa ndimu, kitunguu saumu na chumvi asubuhi na kuachwa kwenye friji. Jioni inabaki kuwasha moto na kuunga, kama ilivyokuwa kwa mama. Kazi haikupungua hata chembe. Ilihamishwa kutoka saa ambayo hatukuwapo kwenda saa ambayo tulikuwapo.

Idi ilipopita nilinunua daftari la mistari na kuchora siku tano za kazi. Sikuandika majina ya vyakula kwanza, niliandika aina: Jumatatu ya jamii ya kunde, Jumanne ya samaki, Jumatano ya mayai au dagaa, Alhamisi ya majani, Ijumaa ya nyama. Kilichobadilika kila wiki ni kilichoingia ndani ya aina hiyo. Jamii ya kunde peke yake ni maharage, choroko, kunde, mbaazi, dengu na njugu mawe. Mwezi unakwisha na hujarudia. Mpaka leo huwaambia wanaoniuliza waanze hapo, kwa sababu mtu akichoka saa kumi jioni, kuchagua kati ya vitu vitatu anaweza, lakini kuchagua kati ya vyote duniani hawezi.

Jumapili ikawa siku ya kuandaa. Maharage yaliyolala ndani ya maji huiva kwenye preshakuka kwa nusu saa hivi. Nayachemsha kwa wingi bila chumvi wala kiungo, nayagawa kwenye vyombo, nagandisha. Chombo cha kwanza kinakuwa maharage ya nazi na chapati. Cha pili nakikaanga kwa vitunguu, karoti na pilipili hoho mpaka kikauke, kwa ugali. Cha tatu kinakutana na mahindi yaliyochemshwa na kuwa makande. Nyanya, vitunguu na kitunguu saumu vinakaangwa sufuria moja kubwa, kwa sababu rojo hiyo ndiyo inayokula muda wa kila mchuzi. Vibua nakaanga Jumanne wengi kuliko tunavyohitaji. Waliobaki wanaingia kwenye mchuzi wa ukwaju baadaye, na pwani kila mtu anajua samaki aliyekaangwa kwanza ndiye anayestahimili mchuzi. Nazi nakuniwa kwa mashine gengeni, nafunga mafungu na kuyagandisha kabla ya kukamua, maana tui lenyewe huchacha upesi kwenye joto la Dar es Salaam.

Mgao wa umeme wa mwaka 2011 ulikuja kutupima. Friji ilizimwa kwa saa nyingi, mara mchana mara usiku, na kuweka akiba ya barafu ikawa hatari kwa watoto. Nilipunguza vyombo na kurudi kwenye vitu vikavu. Dagaa wa Kigoma wanahitaji robo saa tu na nyanya, ndimu na bizari. Choroko hazihitaji kulowekwa. Karanga za kusaga zinabeba mchicha, matembele, hata nyanya chungu, bila nazi. Umeme ulipotulia sikuviacha. Nafasi ya vitu vikavu katika daftari ipo mpaka leo, na ni vyepesi kuliko vyote.

Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kutoka Kimara, mwenzangu akawa anafika nyumbani mapema kuliko mimi. Wakati huo tulikuwa tumeshapata jiko la gesi na mtungi wa kilo 15. Jioni moja nilimkuta amechagua mchele, amekata vitunguu, na daftari limefunguliwa mbele yake. Hakuniambia kitu, na mimi nilivua viatu nikatengeneza kachumbari. Tangu siku hiyo wali ni wake. Mama mkwe alipokuja kututembelea nilikuwa na wasiwasi atasemaje kumwona mwanawe jikoni. Alivuta kigoda akakaa kando yake, akamwonyesha jinsi ya kupima maji ya wali wa nazi kwa kidole. Alichosikitikia ni gesi: kwenye mkaa ungepalia makaa juu ya mfuniko, wali ukakauka juu na chini, na ukapata ukoko. Wanangu hawajawahi kugombania ukoko kama tulivyogombania sisi, na hilo daftari haliwezi kulirudisha.

Watoto nao walipokua waliingia. Binti mkubwa alisonga ugali akiwa darasa la sita, na tangu hapo Jumatano jikoni ni pake. Mdogo wake huchambua mboga na kulalamika, lakini anachambua. Kila Jumamosi usiku mmoja wao ana haki ya kuandika siku moja ya wiki inayokuja, na tulikubaliana kwamba kilichoandikwa hakipingwi. Ndivyo bamia ilivyorudi nyumbani kwetu: iliandikwa na mtoto yule yule niliyemhofia.

Mama sasa ni mstaafu, na huja kukaa nasi msimu wa mvua. Yeye hali kiporo cha friji. Alifanya kazi hospitali maisha yake yote na ana msimamo wake kuhusu chakula kilicholala, na kwa heshima yake nilikuwa nafuta daftari zima akija, na kurudi kuhangaika kila jioni. Safari iliyopita alifungua friji mwenyewe, akatoa chombo cha maharage, akakinusa, akaonja punje moja.

"Haya hayajaungwa," akasema.

"Hayajaungwa, mama. Yamechemshwa tu."

"Basi si kiporo. Bibi yako alikuwa akichemsha mbaazi asubuhi nikiwa zamu ya mchana. Mimi nikaja kuunga." Kisha akaomba daftari, akavaa miwani, akalisoma kuanzia juu mpaka chini. Aliuliza kwa nini kisamvu kipo mara moja moja tu. Nikamwambia kinachukua muda, kutwanga na kuchemsha mpaka uchungu utoke. Akasema hiyo ndiyo sababu ya kukifanya Jumapili, na kwamba kikishachemka vizuri kinangoja siku yake kwa utulivu kuliko hata maharage. Aliandika kwa mkono wake, Alhamisi, kisamvu cha karanga, wiki moja ndiyo na moja hapana, kikipokezana na matembele. Tumekuwa tukikifuata hivyo tangu hapo, na Alhamisi ya kisamvu ni mwenzangu anayeunga, kwa sababu mama anasema mkono wake wa karanga umetulia kuliko wangu.