Miezi ya Kungoja Chuo

Mama yangu alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) mwaka 1984, kaka yangu hakwenda kabisa, mimi nikaenda mwaka 2014. Sote watatu tumelelewa Muheza, sote tulimaliza kidato cha sita, na kila mmoja akaingia kwenye ile miezi ya ajabu ambayo mtu si mwanafunzi tena na bado hajawa mtu mzima. Mtihani umekwisha, matokeo hayajatoka, chuo hakijakuita, na nyumbani kila mwenye haja ya chumvi anaona wewe ndiye wa kutumwa dukani.

Ya mama ilikuwa mwaka mzima. Alipelekwa Ruvu, kipindi ambacho nchi ilikuwa imekauka. Sabuni ya mgawo, sukari ya mgawo, na ugali wa mahindi ya njano kutoka nje, ule ambao watu waliuita Yanga kwa rangi yake. Kwata walifundishwa, na bunduki pia, lakini mama akisimulia, bunduki huchukua dakika mbili na jembe huchukua jioni nzima. Sisi watoto masimulizi tuliyazoea. Tulichokuwa hatukielewi ni tabia zake. Mwalimu wa shule ya msingi, mpole, hana makuu, lakini shuka lake alilichomeka chini ya godoro kwa pembe iliyokatika sawasawa, na alfajiri alituamsha kwa kutuita majina matatu, mmoja mmoja, akisubiri uitike ndipo aite wa pili.

Kwa rika lake halikuwa jambo la hiari. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 kwa vijana wa kujitolea, kisha mwaka 1966 ikaja sheria ya kuwaingiza wasomi kwa lazima. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Oktoba mwaka huo mpaka Ikulu kupinga masharti yake, hasa makato ya mshahara, na bango moja likadai kwamba wakati wa ukoloni kulikuwa na nafuu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza chuo, wakarudi makwao. Mama wakati huo alikuwa wa kubebwa mgongoni. Alipofika yeye kidato cha sita hakuna aliyeandamana tena. Watu wakikutana ofisini au kwenye basi waliulizana kambi na mwaka, na wakigundua walipita pamoja, nauli ya mmoja inalipwa.

Mwaka 1994 mafunzo kwa wahitimu wa kidato cha sita yalisitishwa, Serikali haikuwa na fedha. Kaka alimaliza mwaka 2006, katikati ya pengo hilo. Miezi yake ya kungoja aliianzia Tanga mjini kwenye kozi ya kompyuta ambayo mwalimu alikuwa mmoja na kompyuta zinazowaka zilikuwa chache, kisha akarudi Muheza kuwahesabia wenye malori machungwa. Mwaka huo shule za kata zilikuwa zinafunguliwa kila upande na walimu hakuna, kwa hiyo akaombwa afundishe hisabati kidato cha kwanza. Hao ndio walimu ambao watu waliwapachika jina la Voda Fasta, kwa jinsi walivyopatikana haraka haraka. Kaka alichukia jina hilo, ingawa kazi aliipenda. Ukimwuliza leo atakwambia ile ndiyo ilikuwa JKT yake, na sioni sababu ya kumbishia.

Mafunzo yalirudishwa mwaka 2013, Rais akiwa Jakaya Kikwete, safari hii kwa miezi mitatu. Mimi nilifanya mtihani Mei 2014. Jina langu lilitoka kwenye orodha, kambi ikiwa Mafinga, mkoani Iringa, na chini yake masharti ya vifaa. Bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, ifike magotini, isiwe na zipu, iwe na mfuko mmoja tu nyuma. Fulana ya kijani. Raba. Soksi ndefu nyeusi. Shuka mbili za bluu bahari. Tuliizunguka Tanga nzima tukitafuta bukta ya mfuko mmoja. Wenye maduka walikuwa nazo za mifuko miwili au bila mfuko, mpaka fundi mmoja wa barabara ya kumi na mbili akacheka akasema sisi ni wa tano siku hiyo. Mama aliisoma ile karatasi taratibu, akauliza jambo moja tu: "Mbona hawajaandika jembe?"

Usiku wa kuamkia safari alinipa wosia wake, mfupi. "Mwanangu, ukifika huko usiwe wa kwanza, usiwe wa mwisho. Kaa katikati. Na afande akisema usiku ni mchana, wewe tafuta kivuli."

Kwa mtoto wa Muheza, Mafinga ni nchi nyingine. Basi lilipita Segera, Chalinze, Morogoro, likakata mbuga ya Mikumi, likafika Ruaha Mbuyuni ambako kila dirisha lilijaa vitunguu, kisha likaanza kuupanda mlima Kitonga polepole, nyuma ya malori ya kwenda Tunduma. Hapo juu ndipo nilipofunga dirisha. Mafinga kwenyewe, zaidi ya kilomita 70 mbele ya Iringa, ni misitu ya misonobari ya Sao Hill na ukungu, na Juni na Julai ndiyo miezi ambayo wenyeji wenyewe hutembea wamejikunyata. Baridi niliyoizoea mimi ilikuwa upepo wa alfajiri tu.

Getini tulikabidhi simu. Nywele tulikwisha kuzinyoa nyumbani, ila wachache waliokuja na rasta zao walizimaliza hapohapo, na msichana mmoja wa Mbezi alilia kimya huku akiziokota zake na kuzitia kwenye mfuko. Tukagawanywa kwenye kombania, tukapewa mahanga ya kulala, na kuanzia hapo sote tukawa na jina moja, kuruta. Uwe umetoka shule ya ada ya mamilioni au shule ya kata yenye mwalimu mmoja wa fizikia, umelala juu ya kitanda cha chuma, unasubiri filimbi.

Filimbi ililia saa kumi na nusu. Mchakamchaka ulianza gizani, barabara ya vumbi, mvuke ukitutoka vinywani, mwimbishaji mbele na sisi tukiitikia. Nyimbo ndizo zilizotubeba. Mtu aliyeapa kwamba hawezi kukimbia hata kuzunguka uwanja wa mpira alijikuta amekimbia mpaka jua limetoka kwa sababu wimbo haujaisha na ni aibu kuuacha. Baadaye usafi, uji, uwanja wa kwata, fatiki za kuni na maji, darasa, kwata tena. Kosa la mmoja lilikuwa la wote. Ndoo ikisahaulika nje, hanga zima linaruka kichurachura, na anayeifahamu ndoo ni ya nani anaruka kimya kama wengine. Kusema jina la mwenzako kulikuwa kubaya kuliko kichurachura.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa mtoto wa Sengerema. Hodari wa kila kitu, anapasua kuni kwa pigo moja, ila kwenye kwata alikuwa mtu wa mkono na mguu upande mmoja: mguu wa kushoto ukienda mbele, mkono wa kushoto nao unaufuata. Kadiri afande alivyomkazia macho ndivyo viungo vilivyozidi kusikilizana vibaya. Aliyemfundisha ni yule wa Mbezi, ambaye kuni zilimshinda lakini alikuwa amecheza ngoma za shule tangu utoto. Kila usiku kabla ya kuzima taa walisimama kati ya vitanda, mmoja akihesabu kwa kunong'ona, mwingine akirusha mikono, na sisi wengine tukiwa majaji. Wiki ilipokwisha alikuwa anatembea sawa, na yule wa Mbezi tangu hapo hakubeba tena gogo zito; lilikuwa likichukuliwa mkononi mwake kabla hajaomba.

Nidhamu wazee wanaisifu sana, na kila kiongozi akifika kambini atahutubia juu yake. Mimi nasema ukweli wangu: ile ya filimbi haikudumu. Mwezi wa pili chuoni nilikuwa nalala mpaka kipindi cha saa mbili kinanipita. Nilichotoka nacho ni kingine. Mpaka naingia pale nilikuwa nimesoma miaka yote na watu waliochujwa wafanane nami. Mitihani yetu inachuja, ada inachuja, mchepuo unachuja, na mtu anafika miaka 19 hajawahi kulala chumba kimoja na mwenzake aliyelelewa tofauti naye. Kambini hakuna aliyetuchuja. Usiku wa lindo, mimi na yule wa Sengerema tukilinda ghala huku tumejifunika blanketi moja, ndipo nilipojua kwamba nyumbani kwao yeye ndiye wa kwanza kufika kidato cha sita, kwamba fomu ya Bodi ya Mikopo hajawahi hata kuiona, na kwamba alikuwa amepanga abaki jeshini kwa kuwa hakuona mlango mwingine.

Matokeo yalitoka Julai, tukiwa kambini, simu ziko ghalani. Habari ilifika kabla ya afande yeyote kuisema. Nadhani ililetwa na mpishi. Kwata siku hiyo lilikuwa la ovyo, amri moja na miguu mia ikigeuka kila mtu upande wake. Jioni sajenti wetu, mama mmoja ambaye hatukuwahi kumwona akicheka, alitupanga mstari mmoja mbele ya hanga, akatoa simu yake mwenyewe, simu ndogo ya vitufe, akasema kila mmoja aandike namba yake ya mtihani kiganjani kwa kalamu asije akaikosea. Tukapita mmoja mmoja. Anabonyeza, anasubiri, anakuonyesha kioo peke yako, anafuta, anaita anayefuata. Hakusoma matokeo ya mtu kwa sauti. Salio lilipokwisha alimtuma kijana dukani akanunue vocha kwa fedha yake. Waliofeli aliwapeleka pembeni, akakaa nao kwenye majani mpaka gizani. Usiku huo hakuna aliyekimbizwa.

Baada ya hapo tuliruhusiwa kwenda mjini kwa zamu, kwenye vyumba vya intaneti, kuomba vyuo. Wakati ule maombi yote yalipitia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na mtandao wa Mafinga ulikuwa na hasira zake. Mtoto wa Sengerema tulimjazia fomu watatu: mmoja anasoma, mmoja anachapa, mmoja anamgombeza mwenye duka asizime mashine. Alipata chuo na mkopo. Siku hizi ni mwalimu wa baiolojia kanda ya ziwa, na mimi ndiye mama mdogo wa mwanawe wa kwanza, bila damu.

Shabaha nayo nisiipite, maana watu huuliza. Tulifundishwa kuifungua na kuifunga bunduki ya SMG mpaka mikono ikaijua, kisha tukapelekwa porini kulenga. Risasi zangu za mwanzo zilikwenda zinakotaka zenyewe. Sauti yake ni kubwa kuliko unavyodhani, bega linauma, na mtu unatoka pale huna tena hamu ya filamu za kivita. Mwisho likaja gwaride la kufunga mafunzo, kiapo, cheti, na basi la kuteremka Kitonga.

Nilipofika nyumbani mama aliniangalia natandika kitanda. Hakusema kitu, ila usiku ule alisimulia mambo ya Ruvu ambayo hakuwahi kutusimulia: rafiki yake aliyeugua malaria akafa wakiwa kambini, afande aliyemwazima viatu vyake, mvulana wa Bukoba aliyemwandikia barua naye hakujibu. Kaka alikuwepo, akasikiliza mpaka mwisho, akasema ameonewa.

Juzi mdogo wetu wa mwisho amemaliza, na mjadala umerudi mezani. Mama anashikilia kwamba mwaka mmoja ulikuwa mrefu mno, vijana waligeuzwa wakulima wa bure. Mimi nashikilia kwamba miezi mitatu ni mifupi mno: mwezi wa kwanza mtu anajifunza kuamka, wa pili anajua majina ya wenzake, wa tatu anafanya mazoezi ya gwaride. Ya kufanya kazi yoyote ya maana, kujenga darasa au kuchimba kisima, haibaki. Kati ya Mei na Oktoba, chuo kinapofunguliwa, kuna nafasi ya miezi mitano. Miwili ya mwisho ingetolewa kwa kijiji kilicho jirani na kambi, vijana walewale, kombania zilezile, na kazi moja inayoonekana watakayoiacha nyuma yao. Gharama ipo, najua, na mwaka 1994 ndiyo iliyoua mpango wote. Lakini kumlisha kijana miezi mitatu ili aondoke siku ileile anapoanza kuwafahamu wenzake ni kulipa nauli ya kwenda na kushuka njiani.